Walimu Wanolewe Shuleni, Si Katika Kumbi za Semina

Mwulize Afisa Elimu wa wilaya yo yote idadi ya vyumba vya madarasa vilivyojengwa katika wilaya yake tangu mwaka 2021, naye atajibu bila kufungua jalada. Atataja na madawati, matundu ya vyoo, nyumba za walimu zilizokwisha na zile zilizoishia kwenye linta. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana ofisa asiyejua hesabu ya mali ya umma aliyokabidhiwa hafai kukabidhiwa hata jembe. Lakini mwulize swali la pili: katika muhula uliopita, walimu wa shule zake walikaa pamoja saa ngapi kuzungumzia kwa nini watoto fulani wa Darasa la Pili hawajui kusoma, na baada ya mazungumzo hayo walibadili nini katika ufundishaji wao? Hapo majalada yatafunguliwa, karani ataitwa, simu itapigwa kwa Afisa Taaluma, na mwishowe itatolewa orodha ya semina.

Hakuna anayebeza majengo. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19, nchi ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa miezi michache, na watoto waliokuwa wakibanana kama dagaa wakapata nafasi. Viongozi walikwenda kukagua. Kamati za Siasa za Chama wilayani nazo zilikwenda, zikatazama zege na kuhesabu mifuko ya saruji, na ilikuwa haki yao na wajibu wao. Ila ni nadra mno kusikia habari za kiongozi ambaye, baada ya kupapasa ukuta, aliketi kwenye dawati la nyuma akamsikiliza mwalimu akifundisha mpaka kengele ikalia. Ukuta hupigwa picha ukapendeza gazetini. Somo halina picha, na kwa hiyo halina mgeni.

Na hali somo ndilo lililomfanya mzazi amtoe mtoto machungani. Kiwango kinachotakiwa katika shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Zipo shule ambazo Darasa la Pili lina watoto 90 na zaidi mbele ya mwalimu mmoja. Mwalimu huyo huandika ubaoni sentensi tano, akazionyesha kwa fimbo, na watoto wakaitikia kwa sauti moja ya kupendeza. Apitaye nje husema: watoto wa shule hii wanasoma. Lakini mtoto wa safu ya tatu anaimba, hasomi. Ukiifunika kwa kidole gumba picha ya ng'ombe iliyo juu ya sentensi atanyamaza, kwa sababu alikuwa akiisoma picha. Wa pili anazitambua silabi zikiwa zimepangwa kwenye chati, ba, be, bi, bo, bu, lakini zikichanganywa katika neno zinampotea. Wa tatu anakwenda vizuri mpaka afike kwenye "mbwa" au "nyanya", hapo anakwama, maana hakuna aliyemwonyesha kwamba herufi kadhaa zaweza kubebwa kwa pumzi moja. Wa nne hajui Kiswahili. Nyumbani kwao husemwa Kisukuma au Kigogo au Kimasai, naye anatakiwa kusoma lugha ambayo bado hajaisema. Hawa ni watoto wanne wenye maradhi manne, na kila ugonjwa una dawa yake. Mwalimu ambaye hakusaidiwa kuyatenganisha maradhi hayo huwapa wote kidonge kimoja: "Rudieni!"

Matokeo yake yanajulikana. Uchunguzi wa Uwezo uliofanywa mwaka 2010 ulikuta kwamba kiasi cha watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Taifa lilishtuka, na mwaka 2015 masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili yakapunguzwa ili nguvu zielekezwe katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lilikuwa ni jambo la busara. Lakini mtaala haujifundishi wenyewe, na ndipo hoja ya wilaya inapoanzia.

Wilaya nyingi zikiambiwa ziwaendeleze walimu, hujibu kwa kuitisha semina. Barua hutoka mjini ikitaka kila shule ilete mwalimu mmoja. Mwalimu Mkuu humteua ambaye zamu yake ya kupata posho imefika, au yule aliye karibu na kituo cha basi, au hujiteua mwenyewe. Ukumbi hukodishwa. Bango kitita husimamishwa mbele, na washiriki hugawanywa katika vikundi vinavyopewa majina ya milima na mito. Mwezeshaji, ambaye pengine ana miaka kumi hajashika chaki mbele ya watoto, huhutubia siku nzima juu ya ubaya wa mwalimu kuhutubia. Chai huletwa saa nne, na chakula saa saba. Siku ya tatu mgeni rasmi hufunga semina, picha ya pamoja hupigwa, hati za mahudhurio hutiwa sahihi kwa uangalifu ambao haukuonekana katika kazi nyingine yo yote ya siku hizo, na kila mtu hurudi kwao akiwa na mkoba, daftari na kalamu.

Kwa siku hizo tatu watoto wake 90 walikuwa wakifagia uwanja.

Arudipo shuleni hupewa dakika kumi wakati wa mapumziko ili atoe "mrejesho". Wenzake wanakunywa uji, nao wanajua kwamba yeye amelipwa na wao hawakulipwa. Wanamsikiliza kwa sikio hilo. Njia hii wataalamu huiita mafunzo ya mteremko: taifa liwafundishe wakufunzi wa mkoa, mkoa uifundishe wilaya, wilaya ifundishe kata, kata ifundishe shule. Mtu aliyewahi kuteka maji mwisho wa mfereji uliotoboka anaijua hesabu yake. Yanayomiminwa kule juu ni pipa, na yanayofika huku chini ni matone, tena yenye tope.

Ubaya mkubwa wa semina ni kwamba inajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Yule mwalimu mwenye mtoto anayekwama kwenye "nyanya" hakuhitaji hotuba juu ya njia shirikishi. Alihitaji mwenzake mwenye uzoefu aje darasani kwake siku ya Jumanne, aketi nyuma, amtazame, na baadaye wakae chini ya mti wakubaliane la kufanya Jumatano, kisha arudi wiki inayofuata kuona kama limefaa. Semina haiwezi kufanya hivyo hata ikipewa bajeti ya ufalme, kwa sababu watoto hawamo ukumbini.

Nchi hii iliwahi kuijua njia nyingine, na ni ajabu jinsi ilivyosahauliwa upesi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikiwa Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakuwapo, wala vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza Darasa la Saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa miaka mitatu: asubuhi wakishika chaki, mchana wakigeuka kuwa wanafunzi mbele ya mkufunzi aliyewekwa jirani nao, jioni wakisoma vitini vilivyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Bila wao, mamilioni ya watoto wa wakulima wasingeona ubao.

Mabwana wakubwa wa mjini waliwacheka. Herufi za UPE wakazigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", na dhihaka hiyo ikawafuata watu wale mpaka wakastaafu. Kweli walikuwa na upungufu. Walikuwa vijana wadogo, na wengi wao walijua mambo machache tu kuwazidi wanafunzi wao. Lakini wenye kucheka hawakuona kitu kimoja: kwamba kwa miaka ile mafunzo yalimfuata mwalimu alipo. Jambo alilofundishwa mchana alilijaribu kesho yake asubuhi, na likimshinda alirudi nalo mchana kumwuliza mkufunzi wake. Linganisha na yale yaliyofanywa baadaye, sekondari za kata zilipoanza kufumuka katikati ya miaka ya 2000. Vijana wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja wakapelekwa kufundisha, na wananchi wakawaita "vodafasta". Hao nao walidhihakiwa. Lakini kosa lilikuwa la wale waliowatupa porini baada ya huo mwezi mmoja bila kuwafuata tena.

Utaratibu wa UPE haukufa kwa sababu ulikuwa mbaya. Ulichukuliwa kuwa ni ngazi ya kumpandisha mtu hadi cheti, na mtu alipokipata cheti ngazi ikaondolewa. Ikaja dhiki ya uchumi ya miaka ya 1980, mafuta na karatasi vikawa adimu, baiskeli zikachakaa, na mkufunzi aliyekuwa akizunguka akabaki ofisini. Dhana ikajengeka kwamba mwalimu mwenye cheti amekwisha kujifunza. Daktari hasemi hivyo. Hata fundi cherehani hasemi hivyo, maana mitindo hubadilika na wateja humkimbia. Ni mwalimu peke yake ambaye alitakiwa astaafu na maarifa aliyotoka nayo chuoni.

Baada ya hapo ulianza ule msimu mrefu wa miradi. Katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, vituo vya walimu vilipewa nafasi ya heshima katika maandishi, na majengo yake yangaliko mahali pengi. Mengine yamekuwa stoo za vitabu ambavyo havijagawanywa, mengine ofisi, mengine yanakodishwa kwa mikutano na harusi. Mwaka 2014 ukaja mpango wa EQUIP-T, uliogharamiwa na Uingereza, katika mikoa ya Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora, baadaye na Katavi na Singida. Mpango huo ulikuwa na akili ya kuwakutanisha walimu shuleni kwao na katani kwao. Mwaka 2020 ulikwisha. Sasa swali la kuziuliza halmashauri za mikoa hiyo ni rahisi: fedha za wafadhili zilipokoma, ni halmashauri ngapi ziliendelea kuwakutanisha walimu hao kwa fedha zao zenyewe? Wilaya ambayo hufundisha walimu wake pale tu mgeni anapolipa nauli haijaamua bado kwamba kazi hiyo ni yake.

Mtu asidhani kwamba kinachokosekana ni sera. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu iliweka utaratibu wa kitaifa wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao walimu wenyewe huuita MEWAKA. Utaratibu huo unasema karibu yote yanayotakiwa kusemwa: mafunzo yafanyike shuleni na katani, walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza, waanze na matatizo ya madarasa yao wenyewe, na Taasisi ya Elimu Tanzania iwapatie moduli. Maandishi yapo. Mradi wa BOOST, wenye dola milioni 500 za mkopo, unausaidia, nao kama kila mradi una tarehe ya mwisho. Kitakachoamua kama MEWAKA itakuwa kazi ya kudumu ama kaburi jingine la herufi kubwa ni ofisi ya wilaya, na pale wilayani ndipo urasimu unapojua kuzika.

Tena muda hautoshi. Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na elimu ya lazima sasa ni miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza pia wale waliowatangulia, wenye Darasa la Saba la mtaala wa zamani. Maana yake, Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza siku moja. Halmashauri zote zinalijua jambo hili na zimeanza kuhesabu matofali. Ni jambo jema kuhesabu matofali. Lakini kundi moja litakuwa limesoma mtaala huu na jingine ule, watakaa chumba kimoja, watafundishwa kwa Kiingereza ambacho wengi wao hawakukisema, na mwalimu atakayesimama mbele yao huenda hivi sasa yuko shuleni akiusoma muhtasari mpya peke yake usiku kwa mwanga wa simu. Nani anamwandaa huyo? Akishindwa, atalaumiwa yeye.

Wako watu wasemao kwamba hakuna fedha. Maneno haya yasemwe na mwingine, si na halmashauri yenye fungu la viburudisho vya vikao. Kuwakutanisha walimu 12 wa shule moja, shuleni kwao, kwa saa mbili, kunahitaji chaki, karatasi na birika la chai. Kinachogharimu ni kumtoa mwalimu bingwa wa kata kwenda shule ya pili na ya tatu, na hiyo ni nauli ya bodaboda. Aidha, imekwisha kuonekana kwamba fedha zikipelekwa shuleni peke yake hazisomeshi. Mwaka 2013 na 2014 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika shule za msingi 350 za wilaya 10 za Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto na kuachwa zitumie. Alama za watoto hazikubadilika. Pale ruzuku ilipoambatana na bakshishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu, watoto walijifunza zaidi. Wapo waliohitimisha haraka kwamba dawa basi ni bakshishi. Hitimisho hilo ni finyu. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba vitabu bila juhudi ya mwalimu ni karatasi tu. Haukuonyesha kwamba mwalimu asiyejua kumtenganisha mtoto anayesoma na yule anayeimba atalijua jambo hilo kwa kuonyeshwa noti.

Wako pia wasemao kwamba walimu wenyewe hawataki. Itisha kikao cha kujifunza bila posho, wanasema, uone nani atabaki. Shutuma hii ina ukweli ndani yake, na ingekuwa unafiki kuificha. Wapo walimu ambao ikifika saa nane wako njiani kwenda dukani kwao au shambani. Lakini ni nani aliyemfundisha mwalimu kwamba kujifunza ni kazi ya kulipwa? Ni ofisi ileile inayomshutumu. Ameona kwa macho yake ofisa akilipwa posho ya kikao kilichofanyika katika ofisi ya ofisa huyohuyo. Ameona masurufu ya safari ya siku tano kwa kazi ya siku mbili. Kasumba hiyo ilishuka kutoka juu, na kwa kuwa ilishuka kutoka juu ndiyo iliyofika chini ikiwa kamili, bila kupotea tone.

Na kuna deni. Mwalimu aliyehamishwa na hajalipwa fedha za uhamisho, aliyepandishwa daraja kwenye barua na mshahara ukabaki palepale, anayeishi katika chumba cha kupanga kilomita sita kutoka shuleni, akiambiwa ajitolee jioni kwa ajili ya Taifa husikia kejeli. Halmashauri inayotaka walimu wabaki saa tisa alasiri inatakiwa kwanza imalize madai hayo, au angalau ibandike ukutani orodha ya anayedai nini na atalipwa lini. Hapo ndipo itakapokuwa na uso wa kumwambia mwalimu mvivu kwamba ni mvivu. Pia, saa za kujifunza ziwe ndani ya saa za kazi na zionekane katika ratiba kama kipindi cha Hisabati kinavyoonekana. Kitu ambacho hakimo katika ratiba ya shule ni kitu cha hisani, na hisani huchoka.

Katikati ya wilaya na shule yupo mtu mmoja ambaye hali yake yahitaji kutazamwa kwa makini, naye ni Afisa Elimu Kata. Hakuna mwenye nafasi nzuri kuliko yeye. Shule zake ni chache, anawajua walimu kwa majina, na mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 ili maofisa hao wazifikie shule. Pikipiki hizo zimekwenda wapi? Zimekwenda kila mahali. Zimepeleka barua za kata, zimefuatilia michango, zimekusanya takwimu ambazo zilikwisha kukusanywa mwezi uliopita na idara nyingine, zimebeba ujumbe wa maandalizi ya ziara za wakubwa. Ofisa huyu huamka asubuhi akakuta katika simu yake maagizo manane kutoka wilayani, yote ya haraka, yote yakitaka majibu kabla ya saa sita mchana. Akifika shuleni huketi kwa Mwalimu Mkuu, hufungua kitabu cha wageni na kuandika kwamba amefika na ameikuta shule ikiendelea vizuri na masomo. Ukivipekua vitabu hivyo utaona sentensi hiyo imerudiwa kwa miaka, kwa miandiko tofauti.

Siku akiingia darasani, mwalimu hutetemeka. Anajua kwamba mgeni atadai azimio la kazi na andalio la somo, atatafuta tarehe iliyokosewa, na ataondoka. Wathibiti Ubora nao, ingawa jina la idara yao limebadilishwa kutoka lile la Ukaguzi, bado katika fikra za walimu wengi ni wakaguzi. Ukaguzi una mahali pake. Mwalimu anayeghushi andalio la somo anatakiwa abanwe. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa polisi na tabibu kwa saa ileile. Mgonjwa akijua kwamba tabibu atamshtaki, ataficha kidonda. Walimu wanaficha vidonda. Hakuna mwalimu atakayemwambia Afisa Elimu Kata kwamba mada ya sehemu katika Hisabati inamshinda, wakati neno hilo laweza kuandikwa katika ripoti ya kumshusha. Kwa hiyo huiruka mada hiyo, mwaka baada ya mwaka, na watoto wa shule nzima wanafika Darasa la Saba wakiamini kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3.

Jirani Zambia, tangu mwaka 2005, walimu wa sayansi walianza kufanya jambo lililotoka Japani ambalo halihitaji maajabu yo yote. Walimu wa shule moja hupanga somo moja kwa pamoja. Mmoja hulifundisha, wengine wakiwa wameketi darasani, nao huwatazama wanafunzi kuliko wanavyomtazama mwalimu: nani ameelewa, nani amepotea, amepotelea wapi. Halafu hukaa wakalikosoa somo, na kwa kuwa lilikuwa la wote hakuna anayeona haya peke yake. Kisha mwingine hulifundisha upya likiwa limerekebishwa. Walianzia Mkoa wa Kati na kuendelea kwingine. Mwalimu wa Kitanzania hashindwi kufanya hivyo. Wakulima wa vijiji vyake hulima kwa zamu shamba la kila mmoja, na hakuna anayelipwa posho.

Kwa hiyo madai yanayopasa kupelekwa kwa wilaya ni machache na yanaeleweka. Afisa Elimu Kata avuliwe kazi za utarishi, apewe kazi ya kuketi madarasani, na ripoti yake ya mwezi itaje masomo aliyoyasikiliza na msaada alioutoa. Kila kata iwateue walimu wake hodari, hasa wa Darasa la Kwanza na la Pili, na wapunguziwe vipindi ili wawafuate wenzao. Tabia ya kumpa mwalimu dhaifu kuliko wote darasa la kwanza, na hodari kuliko wote darasa la mtihani, ikomeshwe. Ni tabia ya kujenga nyumba kuanzia kwenye paa. Na takwimu za watoto wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili bila kusaidiwa zisomwe mbele ya wazazi katika mkutano wa kijiji kila muhula, shule kwa shule, kama zinavyosomwa hesabu za mapato na matumizi.

Hayo yote yatabaki hotuba endapo hayana kasma. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa kuwa ni sheria kila diwani anaijua na kila mkurugenzi anaiogopa. Mafunzo ya walimu shuleni hayana ulinzi wa namna hiyo. Yanategemea hisani ya mkurugenzi, na fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kufutwa, kwa kuwa hakuna jengo litakaloonekana limesimama nusu.

Kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, makisio ya halmashauri hupelekwa mbele ya madiwani. Ni kitabu kinene, na mara nyingi hugawanywa siku chache tu kabla ya kikao. Fungu la Elimu ya Msingi limo, limejaa mabati na saruji na mafuta ya magari. Diwani wa Chama aliyetoka katika kata yenye shule sita anaweza kuinua mkono kabla makisio hayajapitishwa na kuuliza kasma ya walimu kujifunza shuleni kwao iko ukurasa wa ngapi, na ni shilingi ngapi.